Bunduki ya upepo: nguvu kiasi gani inatosha kuua mnyama bila kumtesa?

GOMA – Tarehe 30 mwezi wa nane mwaka wa 1803, kwenye kisiwa kimoja cha mto Ohio karibu na mji wa Pittsburgh huko Marekani, kapiteni Meriwether Lewis alitoa bunduki moja ili wenyeji waione. Haikuwa bunduki ya baruti. Ilipiga kwa upepo tu, upepo ulioshindiliwa ndani ya kitako chake cha chuma. Lewis alipiga mara saba, umbali wa mita kama 50, na watu wakashangaa: hakuna moshi, hakuna moto. Kisha akamwachia mtu mmoja aishike. Mtu yule hakuwa ameizoea, ikafyatuka. Mwanamke aliyesimama mita kama 36 kutoka pale akaanguka chini, damu ikimtoka kwenye panja. Risasi ilikuwa imepita kwenye kofia yake na kumchana kichwani. Wote waliamini amekufa. Baada ya dakika moja akazinduka, na kidonda kikaonekana si cha hatari. Lewis mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake cha safari.

Katika vijiji vya Lubero, Walikale, Shabunda au Mambasa, ukitaja bunduki ya upepo watu wengi watacheka. Wanaijua kama chombo cha watoto, cha kufukuza ndege shambani. Wengine, hasa vijana walioiona kwenye simu, wanaamini kinyume: kwamba ni karabini kamili ambayo haihitaji masasi ya bei kali. Wote wawili wamekosea, na anayelipa kosa lao ni mnyama. Tena anayelipa ni familia. Watu waliokimbia na kuacha mashamba yao nyuma, simbiliki mmoja au kanga wawili pembeni ya msitu ni chakula cha jioni. Mnyama aliyepigwa vibaya, akakimbia na kufia shimoni siku ya pili, hakulisha mtu yeyote. Ameteseka bure, na mwindaji amerudi mikono mitupu.

Swali la nguvu, basi, si swali la wataalamu wa silaha peke yao. Na si swali jipya. Limekuwepo tangu bunduki hizi zilipoanza kutengenezwa Ulaya, zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Katika karne ya 18, wakubwa wa Ujerumani walikuwa na bunduki za upepo zenye mitutu mipana, na walizitumia kuwinda paa wakubwa na nguruwe wa pori. Zilikuwa za gharama kubwa, kazi ya mafundi wa saa na wa bunduki kwa pamoja. Aliyezifikisha kwa jeshi ni fundi Bartholomäus Girardoni, mzaliwa wa milima ya Tirol. Mwaka wa 1780 hivi jeshi la Austria lilipokea bunduki yake. Mtutu wake ulikuwa na upana wa milimita karibu 12, na kando yake kulikuwa na bomba lililobeba risasi za mviringo kama 20. Mpigaji alisukuma kipande kidogo cha chuma kwa kidole, risasi nyingine ikaingia, akapiga tena. Wakati huo askari wa baruti alikuwa bado anamimina unga mdomoni mwa mtutu na kushindilia kwa fimbo.

Ubaya wake ulikuwa kwenye kitako. Kitako ndicho kilikuwa chupa ya hewa. Ili kukijaza, askari alipaswa kupiga pompi takriban mara 1,500. Yeyote aliyewahi kujaza matairi ya baiskeli yaliyokwisha kabisa, kwa pompi ya mkono, jua likiwaka, anaweza kukadiria jasho hilo. Ngozi zilizoziba hewa zilikauka na kuvuja. Chupa ikipata ufa, bunduki imebaki kuwa rungu. Ilipofika mwaka wa 1815 hivi, jeshi lilikuwa limeziacha.

Lakini kwa mwindaji kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi. Kila risasi inapotoka, hewa inapungua. Risasi ya kwanza inatoka na nguvu zote, ya kumi imeanza kulegea, ya 30 inaanguka mbele ya shabaha. Bunduki ya baruti haina tabia hiyo, maana kila risasi ina unga wake. Mwenye bunduki ya Girardoni alilazimika kuhesabu. Akisahau hesabu, alikuwa anapiga mnyama kwa nguvu asiyoijua.

Watafiti wengi leo wanakubaliana kwamba bunduki ya Lewis ilikuwa ya aina hiyo ya Girardoni. Alisafiri nayo pamoja na William Clark hadi bahari ya Pasifiki na kurudi, kutoka mwaka wa 1804 hadi 1806. Kila walipokutana na kabila jipya la wenyeji waliitoa na kuipiga, na wenyeji waliona ni uganga. Ni vizuri kuangalia kitu kimoja hapa. Msafara ule ulikula nyama nyingi sana, ya nyati, ya paa, ya dubu, na karibu nyama yote hiyo ilipatikana kwa bunduki za baruti. Ile ya upepo ilikuwa ya maonyesho zaidi. Iliharibika njiani na kutengenezwa tena. Mwezi wa nane wa 1805 Lewis aliona kilenga chake kimehama, akalazimika kukirekebisha kabla ya kuiamini. Watu wale walikuwa na njaa ya kweli, mbali na kwao, na hawakuweka tumbo lao juu ya chombo kilichowashangaza wengine.

Baada ya hapo bunduki ya upepo iligawanyika njia mbili.

Njia ya kwanza ilikwenda kwa watoto. Katika miaka ya 1880, kiwanda cha mitambo ya upepo ya kuvuta maji, katika mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, kilianza kutoa bunduki ndogo ya chuma kwa wakulima walionunua mtambo. Watu waliipenda bunduki kuliko mtambo wenyewe. Kiwanda kikaacha maji na kubadili jina kuwa Daisy, jina la ile bunduki. Hizo ndizo zinazopiga vigololi vidogo vya chuma, na ndizo zilizowafanya watu wengi duniani waamini kwamba bunduki ya upepo ni mchezo. Kigololi chake kinaweza kumtoboa mtu jicho, lakini hakitoshi kumuua sungura kwa uhakika. Kwa uwindaji, hicho ni kipimo kibaya kuliko vyote: nguvu ya kujeruhi ipo, nguvu ya kuua haipo.

Njia ya pili ilikwenda kwa wawindaji wa wanyama wadogo, hasa Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda cha BSA cha Birmingham kilianza kutoa bunduki zenye springi nzito. Mpigaji anavunja au kuvuta mkono wa chuma, springi inajikunja, na akifyatua, springi inasukuma pistoni, na pistoni inasukuma hewa nyuma ya chembe ya risasi. Hapa hakuna chupa ya kuishiwa hewa. Kila risasi ina nguvu karibu sawa na iliyotangulia. Chembe zikawa za ukubwa wa aina mbili zinazojulikana hadi leo: milimita 4.5 na milimita 5.5.

Sungura Uingereza walikuwa wengi mno, wakila mashamba ya ngano na kabichi, na mtu maskini aliyekosa karabini aliweza kupata nyama kwa chembe ya risasi ya bei ndogo. Hapo ndipo swali likaja kwa nguvu: ni kiasi gani kinatosha?

Jibu ambalo watu wengi wanalitaja lilitoka serikalini, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka wa 1968 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya silaha, na mwaka wa 1969 kanuni zake zikasema kwamba bunduki ndefu ya upepo inayozidi kipimo kinachokaribia juli 16 ni silaha ya hatari maalumu, na mwenyewe lazima awe na cheti cha polisi. Kwa bastola kipimo ni nusu yake. Ujerumani walikata chini zaidi: juli 7.5 kwa zile zinazouzwa bila kibali. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya usalama wa watu barabarani. Hakuna aliyewafikiria sungura. Lakini viwanda vikatengeneza bunduki zao zifike karibu kabisa na mpaka huo, na wawindaji wakazoea kusema kwamba juli 16 ndiyo nguvu ya kuwindia. Hivyo namba ya polisi ikageuka kuwa namba ya wawindaji. Kwa bahati, ilifaa kwa wanyama wadogo. Haikufaa, na haitafaa, kwa mnyama mkubwa kuliko sungura.

Juli ni nini? Anayetoka Goma hahitaji darasa. Amesimama kando ya barabara na kuona chukudu mbili zinashuka. Ya kwanza ni tupu, inakimbia sana. Ya pili imebeba magunia ya makaa, inashuka polepole. Zote mbili zinaweza kumwangusha mtu. Nguvu ya pigo inatoka kwa vitu viwili, uzito na kasi, lakini kasi ina haki mara mbili: kasi ikizidishwa mara mbili, pigo linazidi mara nne. Chembe ya milimita 5.5 yenye uzito wa gramu moja, ikitoka kwa kasi ya mita 180 kwa sekunde, ina juli kama 16. Chembe ya 4.5 yenye nusu gramu inahitaji mita 250 kwa sekunde ili ikaribie hapo. Kwa kulinganisha, karabini ndogo kabisa ya baruti, ile ya milimita 5.6, ina juli kama 140. Na bunduki ya vita ambayo watu wa mashariki mwa Kongo wanaijua kwa sauti kuliko walivyotaka, AK, ina juli kama 2,000.

Mtu akiona tofauti hiyo, ataelewa kwa nini mbinu ya kuua haiwezi kuwa moja. Risasi ya baruti yenye kasi kubwa inaharibu nyama kwa upana. Chembe ya upepo inatoboa tundu dogo tu. Inaua kwa uhakika pale tu inapofika kwenye ubongo. Ikiingia tumboni au pajani, mnyama anakimbia nayo. Kwa hiyo wawindaji wenye adabu huko Uingereza wanafundishana kupiga kichwa, kati ya jicho na sikio, na mahali hapo kwa sungura hapazidi sentimita 3 hivi. Ni upana wa kizibo cha chupa ya soda au bia.

Kizibo hicho ndicho kipimo bora kuliko namba zote za kiwandani. Mtu anaweka karatasi, anachora vizibo, anapiga chembe 10 kutoka mita 15, kisha mita 20, kisha 30, akiwa amepiga goti au ameegemea mti kama atakavyokuwa msituni. Umbali ambao chembe zote 10 zimeingia ndani ya duara ndio umbali wake. Zikianza kutoka nje, hata mbili tu, amevuka mpaka wake, na bunduki yake iwe na nguvu ya namna gani haimsaidii. Wengi wanakuta mpaka wao ni mita 20. Waliozoea sana wanafika 30 au 35. Hakuna aibu katika mita 20. Kuna kazi ya kunyata tu, na kunyata wazee wa msituni walikujua kabla ya bunduki yoyote.

Umbali unakula nguvu pia. Chembe ya upepo ni nyepesi, na hewa inaikamata. Ile iliyotoka na juli 16 inafika mita 30 ikiwa imepoteza karibu robo. Bado inatosha kwa sungura au njiwa, kama imepiga mahali pake. Lakini bunduki iliyochoka, springi yake imelegea, ngozi ya pistoni imekauka, huenda inatoa juli 8 tu mdomoni. Kwa macho haionekani. Inapiga, inatoa sauti, kopo linaruka. Mwenye bahati ya kupata mashine ya kupima kasi, ambayo chembe inapita juu ya vioo vyake viwili na namba inatokea, ataujua ukweli kwa dakika moja. Asiye nayo achukue bunduki kwa fundi, na asiamini maandishi ya kwenye boksi. Wauzaji wanapima kasi kwa chembe nyepesi kuliko zote, zisizo hata za risasi, ili namba iwe kubwa. Mwindaji akiweka chembe nzito, kasi ile haipo tena.

Tangu miaka ya 1980 chupa ya hewa ya Girardoni imerudi, safari hii ikiwa na vyuma bora na valvu zinazosawazisha hewa. Zipo zinazopiga risasi za milimita 10 na zaidi. Jimbo la Missouri huko Marekani linaruhusu kuwinda paa kwa bunduki hizo, mradi mtutu usiwe chini ya kipimo hicho. Hizo ni silaha kamili, na bei yake inazidi ile ya karabini nyingi. Kijana aliyeona kwenye simu paa akianguka kwa bunduki ya upepo aliona hizo. Akinunua ile ya springi na kumpiga mboloko, atamtesa mboloko.

Kwa Kongo, sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 ndiyo inayopanga uwindaji: vibali, majira, na wanyama wasioguswa. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985 inapanga silaha na masasi. Mwenye kufikiria kununua chombo hiki aulize kwanza kwa wakubwa wa eneo lake. Na kuna jambo ambalo sheria haihitaji kulisema. Kwenye barieri, usiku, au karibu na kambi ya watu waliokimbia, kitu chenye mtutu na kitako ni bunduki. Hakuna atakayesimama kuuliza kama ndani kuna baruti au upepo. Huyo wa upande wa pili ana juli 2,000.

Isidhaniwe pia kwamba mababu walikuwa hawajui kuua kwa haraka. Wambuti wa Ituri wananyoosha nyavu zao, wanawake na watoto wanaswaga kwa kelele, mboloko ananaswa, na mtu aliyesimama wavuni anammaliza papo hapo kwa mkono. Gobori lililojazwa misumari na vipande vya chuma, ambalo lilikuja baadaye, mara nyingi linaua vibaya kuliko wavu. Na kitanzi cha waya kinaua vibaya kuliko vyote, maana hakichagui mnyama, wala hakijui saa.

Kitanzi hicho ndicho kimeleta bunduki ya upepo katika mbuga ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka wa 1925 na iliyo ya kwanza katika Afrika kati ya mbuga za taifa. Sokwe wa mlimani hawindwi kwa vitanzi vile. Vinategwa kwa mboloko na nguruwe, lakini mtoto wa sokwe akipita mkono wake unaingia. Mwaka wa 1986, muda mfupi baada ya Dian Fossey kuuawa upande wa Rwanda, kulianza kazi ya waganga wa mifugo ambao leo wanaitwa Gorilla Doctors, na wanafanya kazi Kongo, Rwanda na Uganda. Chombo chao kimoja ni bunduki inayorusha sindano ya usingizi kwa upepo.

Hapo hesabu inageuka. Mwindaji anaogopa nguvu ndogo. Mganga anaogopa nguvu nyingi. Sindano ni nzito, na ikitoka kwa kasi ya kupita kiasi inaingia hadi mfupani au inachana nyama ya mnyama ambaye walikuja kumwokoa. Ikitoka polepole mno inadunda kwenye manyoya na kuanguka, na kundi zima linakimbia. Kwa hiyo mganga anakadiria umbali, anarekebisha hewa kwa umbali ule, na anasubiri hadi bega au paja likae wazi. Walinzi wanasimama kuzuia dume kubwa. Sindano inaingia, mnyama analala, waya unakatwa, kidonda kinasafishwa, dawa ya kumwamsha inatolewa. Kisha watu wanarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi mama wa yule mdogo afike na kumchukua.